Barua kwa mwanangu: wikendi za watu wawili ugenini

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imetufikia, nami nimeisoma pamoja na baba yako. Kwa kuwa mumeo amepata nafasi ya masomo Marburg nawe utafuatana naye, unauliza jinsi mke na mume wasio na ndugu karibu wanavyoweza kuzipitisha wikendi za Ujerumani, na kama matembezi tunayokusimulia kwa simu ni furaha ya kweli au ni kujipoza upweke. Nitakujibu kwa maisha yetu ya hapa Bayreuth, maana naona swali lako linahusu ndoa yako zaidi ya linavyohusu utalii.

Kwetu Tanga, Jumamosi na Jumapili hazikuwa za mke na mume. Palikuwa na harusi, msiba, kikao cha mchango au shangazi wa kumjulia hali, na watu waliweza kukaa miaka katika ndoa bila kupata mchana mmoja wa wao wawili tu. Huku hakuna atakayebisha hodi bila kuahidiana. Tena Jumapili maduka mengi hufungwa kwa sheria, kwa sababu Katiba ya Ujerumani ya 1949 ilikiendeleza kifungu cha katiba ya Weimar, yaani ya jamhuri ya kwanza ya Ujerumani, ya 1919 kinachoilinda siku hiyo iwe ya mapumziko. Utakuta duka la mikate limefunguliwa kwa saa chache, na jirani hatarajii kusikia hata mashine ya kukatia majani. Mkibaki ndani, kila mmoja atashika simu yake, na kimya cha namna hiyo kikishazoeleka ni kigumu kukivunja. Basi ndiyo, mwanangu, upweke ndio uliotutoa nyumbani mwanzoni, lakini furaha iliyofuata ni ya kweli kabisa.

Mara nyingi hatuendi mbali. Jumamosi tunanunua mboga na matunda, tunapika, kisha tunakwenda bustani ya Eremitage iliyo pembezoni mwa mji, ambayo Wilhelmine, dada yake mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, alipewa na mumewe mwaka 1735. Kuanzia Mei hadi katikati ya Oktoba maji ya chemchemi zake hurushwa kila saa, na wazee wa Kijerumani hukaa kwenye mabenchi kuyasubiri, nasi tukakaa nao. Ni Wilhelmine huyo huyo aliyejengesha jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1748 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2012. Ukumbi wake wa ndani umejengwa kwa mbao, na baba yako, aliyelelewa katika karakana ya useremala, alisimama humo muda mrefu akitazama viungo na nakshi mpaka mlinzi akaja kuzungumza naye. Siku ile nilimsikia akisimulia mambo ya ujana wake ambayo sikuwahi kuyasikia.

Hata hivyo, ninachokipenda kuliko vyote ni milima ya Fichtelgebirge, mashariki ya mji. Kutoka kijiji cha Bischofsgrün mnaweza kupanda mlima Ochsenkopf, wenye mita 1,024, kwa miguu au kwa gari la kamba, na kwenye mteremko wake iko chemchemi ya mto Main Mweupe. Main Mwekundu ndio unaopita hapa mjini kwetu, na mito hiyo miwili hukutana karibu na Kulmbach ikawa Main mmoja unaokwenda kumwagikia Rhine pale Mainz. Kutoka milima hiyo hiyo Saale huelekea kaskazini, Eger mashariki na Naab kusini hadi Danube, hivyo mvua inayonyesha hapo sehemu yake huishia Bahari ya Kaskazini na sehemu nyingine Bahari Nyeusi. Tulijiwekea kazi ya kuufuata Main kipande kwa kipande, kila tulipopata nafasi, na kazi hiyo imetupa mazungumzo ya wiki nzima: tutashukia kituo gani, tutapita kijiji gani, nani atabeba chupa ya chai. Njiani wapita njia wasiowajua watawasalimu, jambo ambalo mjini hawalifanyi, nanyi itikieni.

Kuhusu gharama, msiogope. Hapa kwetu tiketi ya siku ya watu wawili inayonunuliwa Jumamosi hutumika hadi Jumapili, na kwa hiyo tunafika Nürnberg na kurudi, siku zote mbili tukitaka. Huko Hessen, jimbo la Marburg, mtakuta tiketi ya siku moja inayotumiwa na watu hadi watano kwa treni za mkoa, ila si kwa zile za kasi. Bebeni chakula chenu. Mimi hufunga chapati na mayai, na hilo hutuondolea pia wasiwasi wa nyama tusiyoijua.

Wakati wa baridi ndio mgumu, sikufichi. Desemba jua huzama kama saa kumi na robo jioni, wakati Juni magharibi huingia karibu saa tatu na nusu usiku. Kiangazi hakina haja ya mshauri. Siku za baridi ndizo zinazotaka mpango, kwa hiyo tokeni mapema, hata kama ni kwa saa mbili, na mahali pa kwenda pawe pameshaamuliwa tangu Ijumaa, kwa kuwa asubuhi ya baridi hakuna atakayekubali kuamua. Pokezaneni kuchagua, na asiyechagua asinung'unike.

Marburg mtaanzia mto Lahn, kisha kanisa la Elisabeth lililoanza kujengwa mwaka 1235, halafu mji wa juu, ambako mnaweza kupanda kwa lifti siku mkichoka. Niandikie tarehe ya safari yenu ikishajulikana, nasi tutakuja wikendi ya kwanza mtakayokuwa tayari kupokea wageni. Nisalimie mkwe wangu.

Mama yako