Utando kwenye dohani ya saruji: kifumbu bila mkono

Swali: "Asalaam aleikum, injinia. Mimi ni fundi mitambo katika kiwanda cha saruji hapa Mombasa. Nimesoma kuhusu utando wa plastiki unaopitisha hewa ukaa na kuzuia nitrojeni, na kwamba maabara sasa zina utando unaopitisha hewa ukaa mara 200 zaidi ya nitrojeni. Mbona tusiufunge kwenye dohani yetu, hewa ukaa ikatoka kama tui kwenye kifumbu?" Msomaji, Kisauni.

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mfano wa kifumbu nimeupenda, ila umesahau mkono. Tui halitoki mpaka mtu akamue.

Kwanza, tando hizi za plastiki hazina matundu ya kuchuja. Molekuli ya hewa ukaa ina upana wa nanomita 0.33 hivi, ya nitrojeni 0.36, sijui mkeka gani ungesukwa kuzitenganisha hizo. Kinachotokea ni kwamba hewa ukaa huyeyuka ndani ya plastiki yenyewe, ikapenya taratibu, ikatokea upande wa pili. Nitrojeni nayo hupita, ila kwa shida. Umewahi kununua soda ya chupa ya plastiki iliyokaa dukani miezi mingi, ukaifungua isitoe hata mlio? Gesi ilitoka kwa njia hiyo. Soda ya chupa ya kioo haikufanyii hivyo.

Sasa mkono, yaani presha. Tuseme moshi wenu una hewa ukaa asilimia 20, na mengine yote tuyahesabu kuwa nitrojeni. Dohani inatoa moshi kwa presha ya kawaida, atmosfia 1, basi fungu la hewa ukaa humo ni atmosfia 0.2 tu. Ili ipenye, upande wa pili fungu lake liwe chini ya hapo. Ama ukandamize moshi wote kwa kompresa, na hapo unailipia nauli nitrojeni ambayo haisafiri, ama uvute kwa pampu ya ombwe upande wa pili. Mimi ningevuta. Tuseme pampu inashusha presha hadi atmosfia 0.2, yaani uwiano wa 5 kwa 1.

Nimekaa na kalamu. Utando unaochagua mara 50, ambao si ndoto ya maabara, utakupa gesi yenye hewa ukaa asilimia 76 hivi pale moshi unapoingia. Huo wako wa 200 utakupa 87. Uchaguzi umeongezeka mara nne, faida ni pointi 11. Moshi ukisonga mbele, hewa ukaa ikabaki asilimia 10, matokeo ni asilimia 44 kwa utando wa 50, na 48 kwa huo wako. Hapo hata ukiletewa utando unaochagua mara elfu kumi, asilimia 50 huivuki: asilimia 10 mara uwiano wa 5, basi. Ndiyo maana mtambo wa kweli huwa na hatua mbili au zaidi, na kila hatua ina pampu yake na bili yake ya stima.

Tena utando mchaguzi sana kwa kawaida huwa mgumu kupitisha, kwa hiyo utahitaji eneo kubwa zaidi la utando. Mtafiti wa plastiki Lloyd Robeson aliuchora mpaka huo kati ya uchaguzi na upitishaji mwaka 1991, akausogeza 2008 baada ya plastiki bora kupatikana. Tando zimefaulu pale presha ilipo tayari: kwenye visima vya gesi asilia, au viwanda vya amonia, ambako kampuni ya Monsanto iliuza tando za kurudisha hidrojeni tangu 1980. Dohani haina zawadi hiyo.

Kiwanda cha saruji cha Brevik, Norwe, kilichozindua mtambo wake 2025 ili kunasa tani 400,000 kwa mwaka, hakikutumia utando. Kinatumia amini (si ya kuamini, ni kemikali inayofyonza hewa ukaa kisha kuiachia ikichemshwa), kwa sababu joto la ziada la tanuri lipo. Na wenzetu hao wana pa kuipeleka: chini ya Bahari ya Kaskazini. Sisi tukiinasa yote, soda za pwani nzima hazitaimaliza.

Hata hivyo saruji ina nafuu moja. Kila kilo 100 za kalisi kaboneti safi kwenye jiwe la chokaa hutoa kilo 44 za hewa ukaa zikichomwa, mbali na ile ya mafuta, kwa hiyo moshi wenu ni mnono kuliko wa mtambo wa umeme wa makaa. Lakini hewa ya nje hupenya kwenye sili za tanuri na milango ya ukaguzi, ikauzimua. Moshi ulioanza na 30 unaweza kufika juu ukiwa na 15, na umeona hapo juu kila asilimia inavyozidishwa.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya utando, pima hewa ukaa na oksijeni mara mbili: pale moshi unapotoka kwenye tanuri, na kwenye dohani. Pima pia vumbi na unyevu, maana vumbi la chokaa likilowa litaganda kwenye utando, na pampu itameza mvuke bure. Niletee namba hizo tuendelee. Huenda kazi ya kwanza ikawa kubadilisha sili, na hiyo itawapunguzia mafuta hata msiponasa chochote.