Bei Unayoiona Si Bei Utakayoipata

Wewe unayeanza kununua na kuuza hisa, nikuambie kosa lililonila pesa mapema: niliamini kwamba namba iliyo kwenye skrini ndiyo thamani ya hisa. Kumbe ile ni kumbukumbu tu. Inasema kwamba mara ya mwisho mnunuzi na muuzaji walikubaliana hapo. Haisemi walikubaliana hisa ngapi, wala kama yupo mwingine aliye tayari kulipa hivyo hivyo.

Hisa iliyonifundisha ilikuwa na kawaida ya kufika 50 na kurudi. Wiki 5 nzima, kila ikigusa 50 wauzaji wanaishusha. Siku moja, kama saa moja baada ya soko kufunguliwa, ikavuka: 50.10, 50.25, 50.40. Nikanunua kwa 50.45 mbio mbio, nikijiona nimewahi. Soko linafungwa, iko 48.90. Jioni nikarudi kwenye chati kichwa kikiwa kimepoa, nikaangalia vile vijiti vya chini vinavyoonyesha kiasi cha hisa zilizouzwa. Vilikuwa vifupi, hata nusu ya siku ya kawaida havikufika. Yaani waliovusha bei pale 50 walikuwa wachache, na mmoja wao mimi.

Mtego wa namna hii hupenda kukaa mahali ambapo kila mtu ameshachora mstari. Juu kidogo ya 50 zimepangwa oda, yaani maagizo ya kununua au kuuza, za wanaosubiri ivuke ndipo wanunue, pamoja na za waliouza hisa za kukopa wakitarajia bei ishuke, ambao ikipanda hulazimika kununua ili wajitoe. Mwenye mzigo mkubwa wa kuuza anahitaji wanunuzi wengi kwa mpigo, na hapo anawakuta wamejipanga. Akishamaliza kumwaga, wa kuendelea kuisukuma bei juu hayupo. Upande wa chini mambo ni yale yale: bei inazama kidogo chini ya kiwango ambacho wengi wanakitegemea, oda za kuzuia hasara, zinazouza zenyewe bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka, zinafyatuka moja baada ya nyingine, halafu bei inapanda ukiwa umeshatolewa.

Siku hizi nangoja bei ya kufunga iwe imevuka mstari, tena iliyokuja na kiasi kikubwa cha hisa kuliko kawaida. Kuna wakati hisa inaondoka kweli nami nimebaki nimesimama. Inauma, lakini nimeona nafuu kukosa kipande cha kwanza kuliko kununua juu ya kilele kila mara.

Hisa zisizouzwa sana zina udanganyifu wake. Tuseme bei ya mwisho ni 20 nawe una hisa 3,000. Programu inazidisha, inakuonyesha 60,000, unalala ukitabasamu. Fungua orodha ya oda: mnunuzi anayetoa bei ya juu kuliko wote anatoa 18.50, tena anataka hisa 100 tu. Anayemfuata anatoa 18, mwingine 17.20. Ukiuza zote leo, ile 60,000 huioni. Na katika hisa kama hiyo, mtu akinunua hisa 10 kwa 21 dakika ya mwisho, chati itaandika kwamba siku ilikuwa ya kupanda.

Hata orodha yenyewe ya oda usiisome kama msahafu. Oda kubwa inaweza kuwekwa ili uione, kisha ikafutwa kabla haijaguswa. Navinder Singh Sarao, aliyekuwa akifanya biashara kutoka nyumbani kwa wazazi wake London, alikiri kosa la aina hiyo mahakamani Marekani mwaka 2016. Mashtaka yake yaligusa pia Mei 6, 2010, siku ambayo Dow Jones, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, kiliporomoka karibu pointi 1,000 kisha kikarudisha sehemu kubwa ndani ya dakika chache, ingawa mchango wake katika mporomoko ule bado unabishaniwa.

Kwangu mimi funzo la siku ile ni hisa za Accenture, kampuni kubwa ya ushauri. Zilikuwa zikiuzwa kwa takriban dola 40, na kwa muda mfupi baadhi zikauzwa kwa senti 1. Wanunuzi wa kweli walikuwa wamejiondoa, zikabaki oda za senti 1 ambazo ziliwekwa na wafanyabiashara wanaotakiwa kuwa na oda sokoni muda wote, kutimiza wajibu tu, bila mtu kutegemea zitumike. Oda za kuuza kwa bei yoyote zilipoingia, zikakutana nazo. Baadaye biashara zaidi ya 20,000 za siku hiyo, katika hisa mbalimbali, zilifutwa. Ndiyo maana mimi huweka oda yenye kikomo cha bei, hata soko likiwa shwari.

Lingine ni dogo, lakini limewaaibisha wengi. Kampuni ikigawanya kila hisa moja kuwa 4, bei hushuka kwa robo tatu bila mtu kupoteza chochote. Gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, nalo lina siku yake: anayenunua kuanzia siku hiyo halipati, kwa hiyo hisa hufunguka chini kwa karibu kiasi cha gawio lenyewe. Asubuhi moja niliona hisa yangu imeshuka asilimia 4, hakuna habari mbaya popote, nikauza kwa woga. Wiki 3 baadaye gawio likaingia kwenye akaunti, nami nikalitazama nikiwa sina tena hata hisa moja ya kampuni ile.