Kabla hujaishusha Altezza yako

Gari langu la kwanza la kujivunia lilikuwa Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999: gia sita za mkono, injini ya 3S-GE, nguvu za farasi 210 kwenye karatasi. Wiki ya kwanza tu nilikuwa nimeshaamua kwamba lazima ikae chini. Wiki ya pili nikapata koilova (springi na shokapu vikiwa kitu kimoja, kimo chake unakirekebisha) zilizotumika, zimeshuka na kontena la spea kutoka Japani, seti ya miguu yote minne. "Hizi za mashindano, bosi wangu," muuzaji akasema, na mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Haikupita miezi mitatu nikawa naendesha kitu kinachoruka kama mbuzi kwenye kila tuta la barabara ya Morogoro, kinagonga kila shimo, na tairi za mbele zimelika upande wa ndani hadi waya zinachungulia.

Nilizilaumu springi kwamba ni ngumu mno. Haikuwa kweli, na nitaeleza kwa nini. Lakini wewe ambaye ndiyo kwanza umekabidhiwa ufunguo wa Altezza, au Impreza, au Chaser, anza mahali ambapo mimi sikuanza: chini ya gari, na tochi, kabla hujatoa hata shilingi moja.

Altezza za kwanza zilitoka kiwandani mwaka 1998, za mwisho 2005. Maana yake hata ile changa kabisa, bushi zake, yaani zile raba za kwenye maungio ya miguu, kama hazijawahi kubadilishwa zimepita miaka 20. Raba haisomi kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi (ambazo nazo tunajuana zinavyorudishwa nyuma). Raba inazeeka kwa joto, kwa mafuta na kwa muda. Gari hili lilisifiwa sana lilipotoka, likachukua tuzo ya gari la mwaka Japani, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ilikuwa miguu yake: kila tairi limeshikwa na mikono, yaani vyuma vinavyoliunganisha na chasi, juu na chini, mbele na nyuma. Sasa hiyo mikono yote inaning'inia kwenye bushi. Bushi ikilegea, ukikanyaga breki mkono unarudi nyuma, tairi linajichagulia pa kuelekea, na wewe unahisi usukani kama wa baiskeli yenye uma uliolegea. Ukifunga springi ngumu juu ya bushi hizo, kazi yote ya springi inaishia kuzitafuna.

Kwa hiyo pandisha gari, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, saa 12 na saa 6, ulitikise. Likicheza, ni boljointi (kiungo cha duara kati ya mkono na tairi) au bearingi. Shika saa 3 na saa 9. Likicheza hapo, anza na tairodi, fimbo inayogeuza tairi kutoka kwenye usukani. Kisha chukua mtaimbo, uuingize kati ya mkono na chasi, uusukume taratibu huku mwenzako anamulika. Bushi nzima itajinyoosha na kurudi. Iliyokufa itafungua mdomo, uone mpasuko unaozunguka raba yote. Boljointi za chini za mbele usizifanyie mzaha hata kidogo: ikichomoka, tairi linalala na kona hiyo ya gari inaanguka chini, popote ulipo na mwendo wowote uliokuwa nao.

Hapa nina kisa. Baada ya zile koilova kunitoa jasho, nilikubali kubadilisha bushi zote za mbele. Kijana wa gereji akafanya kazi safi, akabana kila nati kwa nguvu zake zote huku gari liko juu na tairi zinaning'inia. Miezi sita, bushi mpya zimepasuka. Nikaenda kwa fundi mwingine, mtu mzima, mwenye gereji ya shimo. Akatoa bushi moja, akanionesha: raba imechanika kwa mshazari, kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Shikamoo imekwisha, sasa nikuulize," akasema. "Bushi ya raba inazunguka?"

Nikajibu kwamba inazunguka, si ndiyo kazi yake.

"Haizunguki, mwanangu. Bomba la ndani limebanwa na bolti, la nje limebanwa na mkono. Raba ya katikati inajisokota tu."

Yaani ukibana bolti wakati tairi linaning'inia, raba inaona hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari chini, inasokotwa kabla hujaanza hata safari, na kila tuta linaisokota zaidi. Yeye alifunga bolti zote kwa vidole tu, akashusha gari kwenye tairi zake juu ya shimo, akalibonyeza bodi mara kadhaa likae, ndipo akaingia shimoni na spana akabana. Bushi zile bado zipo. Na jambo hili linakuhusu zaidi ukishusha gari: ukipunguza kimo leo, legeza bolti za mikono zote kisha uzibane upya kwenye kimo kipya, la sivyo umezisokota zote kwa siku moja. Kuna wanaokimbilia bushi za poliyuretani, zile ngumu za rangi. Zinadumu, lakini zinataka grisi, zinalia zikikauka, na mtetemo wote unaupata kwenye kiti. Kwa gari la kwenda nalo kazini mimi nabaki na raba.

Sasa turudi kwenye springi. Jamaa yangu mwenye Impreza alikuwa na springi za kilo 6, yaani zinahitaji kilo 6 ili zibonyee milimita 1. Zangu zilikuwa za kilo 9. Akanicheka kwamba nimefunga springi za lori. Mimi nikamwamini, nikaanza kutafuta za kilo 6. Ningefanya hivyo ningeharibu zaidi, kwa sababu namba hiyo huwezi kuihamisha kutoka gari moja kwenda lingine kama unavyohamisha rimu. Kwenye Impreza, springi na shokapu vimesimama karibu kabisa na tairi. Tairi likipanda milimita 10, springi inabonyea karibu 10 vilevile. Kwenye Altezza springi inakanyaga mkono wa chini, ndani zaidi kuelekea chasi. Tuseme inakaa kwenye theluthi mbili ya urefu wa mkono. Tairi linapanda milimita 10, springi inabonyea kama 7. Na hiyo nguvu ya springi nayo inafika kwenye tairi ikiwa imepungua kwa kiasi hichohicho. Unazidisha kwa theluthi mbili, kisha tena kwa theluthi mbili: kilo 9 zinakuwa kilo 4 kwenye tairi. Za jamaa yangu zinabaki zaidi ya 5. Lori lilikuwa la kwake.

Basi kama springi hazikuwa ngumu kupita kiasi, kwa nini gari liliruka vile? Sababu mbili. Ya kwanza ni shokapu zilizokufa. Kazi ya springi ni kubeba. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya shimo kupita. Springi ya chuma inaweza kukaa miaka 20 na isiwe na neno. Shokapu ndani yake kuna mafuta na sili, na koilova za mtumba zimeshakula maisha yao huko zilikotoka. Ukilazimika kununua zilizotumika, usitosheke kuangalia kama zinavuja. Simamisha shokapu wima, ibonyeze na kuivuta mara nne au tano mafuta yapate njia, kisha sikiliza mkono wako: uzito uwe uleule toka mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mahali pameteleza bila upinzani, kama kukanyaga ngazi isiyokuwepo, irudishe kaunta. Ile ya kubonyeza boneti na kuhesabu gari linaruka mara ngapi inakukamatia maiti tu, mgonjwa anapita.

Ya pili ni nafasi. Kwenye fimbo ya shokapu kuna kiraba kinachozuia chuma kisigonge chuma. Nilishusha gari kiasi kwamba likiwa limesimama tu, kiraba kilikuwa kimeshaguswa. Kila tuta lilikuwa linapiga raba, na raba inarusha. Nilikuwa naendesha gari lisilo na springi kabisa, ila na mipira minne.

Hili utaligundua kwa kitu cha bei ya pipi. Chukua ile tai ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kwenye fimbo ya shokapu, isukume hadi iguse mwili wa shokapu. Endesha njia yako ya kila siku, na abiria unaowabeba kweli. Rudi uangalie imesukumwa hadi wapi. Ikiwa imegandamizwa kwenye kiraba, huna nafasi, na hakuna kifundo cha kugeuza ugumu wa shokapu kitakachokusaidia. Mimi baada ya kufanya hivyo ndipo nilipoacha kubishana na watu kuhusu springi.

Katika kuchagua, jiulize gari linapita wapi, siyo linapigwa picha wapi. Kama unatoka Mbezi kwenda mjini asubuhi na kurudi jioni, shokapu mpya za kiwango cha kiwandani, kwa mfano za KYB, juu ya springi zake za asili na bushi nzima, zitakupa gari ambalo wengi wenye Altezza hawajawahi kuliendesha. Ukitaka kuishusha kidogo, milimita 20 hadi 30, nunua springi fupi pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Bilstein kwa mfano wanatenganisha waziwazi: B6 ni ya springi za kimo cha kawaida, B8 ina mwili mfupi kwa springi fupi. Springi fupi kwenye shokapu ndefu inaweza kulegea tairi likining'inia, ikatoka kwenye kikombe chake, na ukirudi chini inakaa upande. Kukata springi kwa grainda kunaleta tatizo hilohilo. Kuipasha moto kwa gesi ili ilale ni kuua chuma chenyewe. Ukimwona fundi anawasha gesi kwa ajili hiyo, chukua ufunguo wako uondoke.

Koilova nunua mpya, na chagua zile ambazo kimo unakirekebisha kwa kuzungusha mwili wa chini, siyo kwa kubana springi. Hapo urefu wa mwendo wa shokapu unabaki palepale. Kifundo cha kuongeza na kupunguza ugumu kianzie kwenye laini kabisa, upandishe mibofyo miwili miwili kwenye barabara ileile, uache gari linapotulia baada ya mtikisiko mmoja. Wengi wanazungusha hadi mwisho siku ya kwanza, wanadhani ugumu ni ushikaji. Gari gumu kuliko barabara linaruka juu yake, na tairi lililoko hewani halishiki kitu.

Fimbo nene za kuzuia gari kulala kwenye kona nitazigusa tu, kwa sababu ni za baadaye. Ujue kwamba ugumu wake unapanda haraka kuliko macho yanavyoona: kutoka milimita 22 kwenda 24, fimbo isiyo na tundu inaongezeka ugumu kwa asilimia 40 hivi. Ukianza na ya nyuma kwenye gari linalosukumwa na tairi za nyuma kama Altezza, siku ya mvua nyuma itakuteleza, ndipo utajua.

Na kabla ya yote hayo, soma tarehe ya tairi zako. Ubavuni, mwishoni mwa ule mstari unaoanza na DOT, kuna namba nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeshaona mtu amefunga shokapu za maana juu ya tairi za mtumba zilizokauka kama soli, halafu analalamika gari halikamati.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za tairi, ipigwe mwishoni, kila kitu kikiwa kimeshabanwa kwenye kimo chake, tena uombe karatasi yenye namba, siyo "tayari, bosi". Ukishusha gari, tairi zinainama ndani juu, na watu wote wanalaumu mwinamo huo kwa kula tairi. Digrii 1 hivi ya kuinama haitakumaliza. Kinachokula tairi haraka ni pua za tairi kutazamana au kupishana, na hiyo inabadilika kila ukigusa kimo. Zile waya zangu zilizochungulia zilitokana na hilo: nilishusha gari Jumamosi, Jumapili nikaenda Bagamoyo kupiga picha, alaimenti nikaisogeza hadi mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe ukageuka mitatu.

Altezza sasa imeshuka milimita 25, nimepima toka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, miguu yote minne, na namba nimeziandika ndani ya kifuniko cha boneti kwa kalamu ya rangi. Baada ya kilomita 500 nilirudi kukagua nati na kupima tena. Springi mpya huwa zinakaa kidogo. Tai ya plastiki ipo bado kwenye fimbo. Mara ya mwisho nilitoka Morogoro na watu watatu ndani na gunia la mchele kwenye buti, nikalala chini kuiangalia pale sheli ya Kibaha: imesimama upana wa kidole kimoja kabla ya kiraba.