Maswali ya bustani: Maboga yanayooza yakiwa machanga

Swali: Mhariri, salaam. Nimetambaza maboga ya butternut kwenye kichanja nyuma ya nyumba. Yanatoa maua mengi, lakini boga likifika ukubwa wa yai linageuka njano, linaoza na kuanguka. Nimepiga dawa ya wadudu mara mbili kwa wiki, kila mara asubuhi, na nimetundika mtego wa nzi wa embe. Sijaona nafuu.
*Msomaji, Muheza*

Jibu: Kabla hujanunua dawa nyingine, okota maboga matano au sita yaliyoanguka uyapasue. Ukikuta funza weupe ndani, na nje kuna kitundu chembamba kinachotoa utomvu, hao ni nzi wa matunda. Kama hakuna funza na boga limesinyaa kuanzia kwenye ncha ya ua, basi ua halikuchavushwa. Mara nyingi mambo yote mawili yapo katika bustani moja, na tiba zake ni tofauti kabisa.

Ua jike hulitambua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Ua dume lina kikonyo kirefu kitupu. Madume hutangulia, kwa hiyo maua ya mwanzo yakipukutika usihangaike. Maua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na hizo ndizo saa za nyuki. Dawa yako ya asubuhi inawakuta kazini na kuwaua. Tunakuomba uiache. Wakati nyuki bado ni wachache, chavusha kwa mkono kabla ya saa 3 asubuhi: chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, ondoa petali zake, kisha pakaza chavua katikati ya ua jike. Dume moja linatosha majike mawili au matatu.

Sasa nzi. Mtego wako una chambo kisicho chake. Kile cha nzi wa embe huandikwa *methyl eugenol*, na nzi anayesumbua jamii ya maboga na matango hakifuati. Mmojawapo, nzi wa tikiti, hufuata *cue-lure*, tena ni madume tu wanaonaswa. Jike anaendelea kutaga. Yuko pia nzi mdogo wa maboga ambaye hata hicho hakimvuti. Ndiyo maana kwa bustani ya nyumbani sisi tunategemea zaidi kufunika matunda kuliko mitego.

Petali zikinyauka, siku moja au mbili baada ya uchavushaji, valisha boga mfuko wa karatasi ya kaki au wa neti laini, ufunge kwenye kikonyo bila kukibana. Usitumie nailoni, kwa sababu jasho litaozesha boga. Karatasi ikilowa mvua, badilisha. Uvue mfuko ganda likishakuwa gumu kiasi cha ukucha kutopenya kirahisi.

Yaliyoanguka yaokote angalau mara mbili kwa wiki, kwani funza hutoka ndani ya tunda na kugeuka pupa (hatua ya kabla ya kuwa nzi) kwenye udongo wa juu. Yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki usiotoboka, uuache juani wiki mbili, au yafukie kwa udongo wa sentimita 60 juu yake. Kuyatupa kwenye lundo la mboji ni kuwafuga.

Ukiwa na mahindi pembeni, elewa kwamba nzi waliokomaa hupumzika humo. Chambo cha protini chenye sumu, kinachouzwa kwenye maduka ya pembejeo, kitiwe kwa matone huko pembeni kwa kipimo cha kibandiko, wala si juu ya maboga.

Swali: Kichanja changu kimelala chini maboga yalipokomaa. Nitumie nguzo za namna gani?
*Msomaji, Kilifi*

Jibu: Mvinje unatosha, na huko kwenu unapatikana. Chukua nguzo za mita 2.5, fukia sentimita 60, na uache mita 2 kati ya nguzo na nguzo. Zile za mwisho zitie mhimili wa mshazari. Bila huo, waya ukivutwa na uzito mstari mzima huinama. Usizipake oili chafu kuzuia mchwa, maana unalima chakula hapo.

Panda kila mita 1, shimo la sentimita 40 kila upande, na nusu ndoo ya samadi iliyooza vizuri. Boga linalozidi kilo 2 lifungie kombeo la neti kuukuu kwenye waya. Maboga makubwa ya kienyeji yaacheni yatambae chini.

Swali: Majani yamejikunja, yana madoa ya njano na kijani, na chini yake kuna vidukari.
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Madoa hayo ni dalili ya virusi vinavyoenezwa na vidukari, na havina dawa. Ng'oa mche huo wote mapema, usichume hata mbegu. Iliyobaki inyunyizie maji ya mwarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa kwa lita 1 ya maji, vilale usiku mmoja, uchuje, uongeze kijiko kidogo cha sabuni ya maji. Jaribu kwanza kwenye jani moja, usubiri siku mbili. Nyunyiza kuanzia saa 11 jioni, ukilenga upande wa chini wa majani ambako vidukari hukaa.