Kibao kisomeke, mkono wangu ubaki

SWALI: Nachora vibao vya maduka kwa mkono, na wateja wananijua kwa herufi zangu za kivuli na miali ya moto pembeni. Sasa kinyozi mmoja amekuja na masharti kutoka kwa mwanawe aliyesomea usanifu: rangi mbili tu, herufi za kawaida, maneno yasizidi matano. Nikiyafuata yote, kazi yangu itafanana na ya kila mtu. Nikiyapuuza, naogopa watu hawatasoma. Nifanyeje?
Mchoraji, Kondele, Kisumu

JIBU: Masharti hayo yana maana, lakini si ya kibao kizima. Ni ya lile neno moja ambalo mpita njia lazima alishike. Hapa ni KINYOZI. Mengine yote ni uwanja wako, na usikubali kunyang'anywa.

Anzia pale msomaji alipo. Matatu ikienda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde, kwa hiyo abiria aliye mita 30 mbele ya kibao ana sekunde zisizotimia tatu. Ili herufi isomeke bila kukodoa macho, mpe kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mita 30 zinataka sentimita 25. Kwenye bati la futi 8, KINYOZI ya kimo hicho itachukua kama mita moja na nusu, nawe utabaki na karibu nusu mita kila upande. Miali yako ikae huko, ila isiguse herufi ya kwanza wala ya mwisho.

Maneno matano si amri. Namba ya simu husomwa na aliyesimama mlangoni. Sentimita 5 zinamtosha.

Kivuli usikiache kabisa. Kinachoharibu ni kukibandika kwenye herufi yenyewe: kwa mbali vinashikana, herufi inavimba, na tundu la O linazibika. Acha mwanya mwembamba wa rangi ya ubao kati ya herufi na kivuli chake, na kivuli chote kielekee upande mmoja, tuseme chini kushoto.

Kwenye rangi, hesabu si mbili au tatu, ni tofauti ya weusi na weupe. Nyekundu juu ya kijani inawaka ukiwa karibu, lakini zote mbili zina giza karibu sawa, na wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kuzitenganisha. Piga picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Neno likizama kwenye ubao, badilisha. Nyeusi juu ya manjano haizami. Tena nyekundu nyingi hupauka mapema kwa jua, hasa kibao kikielekea magharibi kinakopigwa na jua la alasiri. Itumie kwenye moto, si kwenye neno KINYOZI.

Kabla ya kufungua kopo, chora yote kwa chaki, miali ikiwemo. Egemeza bati ng'ambo ya barabara, rudi nyuma mita 30, umwite mtu asiyejua kilichoandikwa. Akisita, futa pambo lililo karibu zaidi na neno, mwite mwingine.