Maswali ya wasomaji: Mchezo umepanda toleo, vitufe vimehama

Jambo Yaya. Niko natunza kompyuta 12 katika ukumbi wa vijana huku Katuba, zote zinatumia mfumo wa Debian. Batoto wanapenda mchezo mmoja wa magari ya mbio, na kifurushi chake, lile faili la kuusakinisha, niko nakitengeneza mwenyewe, kwa sababu kile cha Debian kimebaki kwenye toleo la zamani. Toleo jipya lilipotoka nilibadilisha namba. Kiraka kimoja, faili dogo la kurekebisha msimbo wa mchezo, kikakataa kuingia, nikakifuta. Nikajenga kwenye laptop yangu mpya, hakuna kosa hata moja lililotokea. Sasa kwenye mashini 8 za zamani mchezo unajifunga papo hapo. Kwenye zile 4 nyingine unafunguka, lakini batoto wanasema vitufe vimehama. Tena kila nikisahihisha neno moja, kila mashini inavuta mega 640 upya kutoka seva ya rafiki yangu aliye ng'ambo, na mega tunanunua kwa michango. Nimekosea wapi?
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

Mdogo wangu, kabla ya yote warudishie watoto toleo la zamani leo hii. Kama faili lake la .deb, kifurushi kilichokwisha kujengwa, bado unalo, amri ya dpkg -i inatosha. Kutafuta kosa huku watoto 12 wamesimama nyuma yako hakuleti kazi nzuri.

Sasa tuje kwenye kile kiraka. Kiraka kikikataa kuingia, maana yake si kwamba hakitakiwi tena. Maana yake ni kwamba mistari iliyokizunguka imebadilika. Kifungue ndani ya debian/patches, usome kinarekebisha nini, kisha utafute mahali hapohapo katika msimbo mpya. Ukikuta watunzi wenyewe wamesharekebisha, kifute kwa amani. Ukikuta kosa bado lipo, kipange upya kwa zana ya quilt kikae mahali pake papya.

Kwa dalili unazoeleza, chako kilihusu kibodi. Michezo mingi huandikwa kwa kibodi ya Kimarekani, ambapo W, A, S na D zimekaa pamoja chini ya vidole vya mkono wa kushoto. Sisi huku karibu wote tunatumia kibodi ya Kifaransa: mahali pa W pana Z, na mahali pa A pana Q. Mchezo ukiuliza herufi, mkono wa mtoto unavunjika. Ukiuliza mahali pa kitufe, kibodi zote zinafanana. Maktaba ya SDL2, ambayo michezo mingi huitumia kusoma vitufe, inatoa njia zote mbili: SDLK_w ni herufi, SDL_SCANCODE_W ni mahali. Aliyeandika kiraka kile huenda alibadilisha hilo tu, mistari michache, na watoto wa ukumbi wako walikuwa wanaendesha magari yao kwa sababu yake.

Nasema kwa uchungu kwa sababu mimi pia nilifuta kiraka, tena cha kwangu mwenyewe. Nilikuwa natunza mchezo wa kujenga miji kwa shule moja ya Kamalondo. Niliandika mistari 4 ya kuufanya mchezo usome folda ya zamani ya kazi zilizohifadhiwa, na juu yake sikuandika maelezo yoyote. Mwaka uliofuata sikukumbuka ni ya nini, nikaitoa. Jumatatu mtoto mmoja alininyooshea kidole kwenye skrini tupu, akanionyesha mji wake ulipokuwa. Niliurudisha jioni ile, lakini uso wake sijausahau. Tangu siku hiyo kila kiraka changu kina kichwa: kinafanya nini, kimeandikwa na nani, tarehe gani, na kama kimetumwa kwa watunzi wa mchezo. Kitume, ndugu yangu. Usipokituma utakibeba peke yako kila toleo.

Na matoleo mengine hayasomi kabisa kazi za zamani. Ndiyo maana Debian waliweka namba ndani ya jina la kifurushi cha mchezo wa Wesnoth: wesnoth-1.14, wesnoth-1.16, kila kimoja peke yake. Mtu anamaliza safari yake kwenye la zamani kabla ya kuhamia jipya.

Zile mashini 8, nadhani zina prosesa ya Core 2 Duo au ya rika hilo. Tafuta neno -march=native katika faili za ujenzi za mchezo. Linaiambia programu ijengwe kwa prosesa ya mashini inayojenga, kwa hiyo laptop yako ikatia amri za AVX, ambazo Intel ilianza kuziweka kwenye prosesa zake mwaka 2011. Prosesa ya zamani haizijui, inakata. Litoe. Halafu jenga kwa zana ya sbuild, ndani ya mazingira safi: haitakuponya na neno hilo, lakini itakuonyesha kila maktaba uliyosahau kuitaja. Toleo likishajengwa, lipeleke kwanza kwenye mashini mbovu kuliko zote, ucheze mbio moja mpaka mwisho, uhifadhi, ufunge, ufungue tena.

Mega zina dawa. Picha na sauti za mchezo ziwe chanzo kinachojitegemea, yaani mradi wa ujenzi wa peke yake, unaotoa kifurushi cha data chenye namba yake. Kuzitenga tu ndani ya chanzo kilekile hakusaidii, maana kila ukisahihisha neno, data nayo inapata namba mpya na apt, programu inayoleta vifurushi, inaivuta upya. Debian wametenga vyanzo hivyo kwa mchezo wa 0 A.D.: 0ad ni chanzo kimoja, 0ad-data kingine. Na uweke programu ya apt-cacher-ng kwenye mashini moja ya ukumbi, ili kifurushi kivutwe mara moja tu, zile 11 zichukue kwake.

Ndugu mwandishi, kijana wangu anakesha akitengeneza michezo ya watu wengine bila malipo. Umeme ukikatika anakaa kuungoja. Itamfikisha wapi?
Mama wa Ruashi

Mama, anajifunza kusoma msimbo ulioandikwa na wageni, na leseni zake pia: mchezo ambao msimbo wake ni huru lakini picha zake zinakataza biashara hauingii katika sehemu kuu ya Debian, na yeye ndiye anayepaswa kuligundua hilo. Hahitaji diploma wala uanachama wa Debian. Anaandaa kifurushi, mwanachama mmoja anakikagua na kukipakia kwa niaba yake, na jina la kijana wako linabaki kwenye kumbukumbu ya mabadiliko. Mwombe akuonyeshe faili la debian/changelog. Mstari wa mwisho wa kila ingizo una jina lake na saa aliyomaliza. Ukiona ni saa tisa za usiku, hapo mwambie alale.