Kuuza Escudo na Kirikuu ununue pikapu moja

Ndugu yangu, nimekuelewa, unataka kuuza magari yako mawili ununue pikapu moja: Escudo, ile jipu ndogo ya Suzuki, inakufikisha shambani Njombe masika, Kirikuu, kile kilori kidogo, inashusha viazi sokoni, na bima na matairi ya magari mawili vimekuchosha. Mimi nilishapita hapo.

Kwa njia yako ningechukua Hilux ya dizeli. Inabeba takribani tani moja, yaani magunia kumi ya kilo 100. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, hesabu upya, na abiria nao ni uzito! Dabo kebini, yenye viti vya nyuma, inafaa familia, ila bodi yake ya mizigo ni fupi. Magunia yakipita nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi na kwenye utelezi gari halikutii. Kama watoto hupandi nao mara kwa mara, chukua singo kebini, yenye viti vya mbele tu na bodi ndefu. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ni ngumu zaidi, lakini bei yake itameza magari yote mawili na chenji juu.

Kabla ya kulipa, ingia chini na tochi. Gonga chesisi karibu na springi za nyuma. Sauti ikiwa butu au kutu ikidondoka vipande, ondoka. Jaribu gia nzito ya 4x4 kwenye tope halisi. Umlipe fundi wako, asiwe wa muuzaji, na uhakiki kadi ya gari TRA, mamlaka ya mapato.

Ukibeba mizigo ya watu kwa malipo, waone LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, na kampuni ya bima kwanza.

Kirikuu usiiuze bado. Ibaki msimu mmoja, maana pikapu ikilala gereji viazi havisubiri.